“Maji baridi” si maji ya baridi: jibu kwa mfugaji wa taa wa Dodoma

*“Mtaalamu, shikamoo. Niko Dodoma, maeneo ya Ilazo. Mwezi wa nne nilinunua taa mdogo wa maji baridi, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, kwa muuzaji wa Dar es Salaam. Mwili wake una upana wa kama sentimita 18, ana madoa ya rangi ya chungwa. Nimemweka kwenye tangi la lita 600 lililoko barazani, upande unaopata jua la jioni. Kwa kuwa ni samaki wa maji baridi nilitoa hita iliyokuja na tangi, na kipimajoto kikifika 26 natia chupa mbili za barafu. Asubuhi kinasoma 18 au 19. Sasa ni wiki ya pili hali chakula vizuri, anajibanza pembeni, kingo za mwili wake zimeanza kujikunja kwenda juu na anapumua haraka haraka. Jirani anayefuga sato kasema niongeze barafu, nitie chumvi ya mawe, na asipopata nafuu nitumie mrututu. Maji ni ya kisima. Joto sahihi ni lipi, na nifanye nini?”*

Marahaba, ndugu yangu. Kabla sijaeleza lolote, leo usitie barafu, usitie chumvi, na mrututu usiuguse kabisa. Washa pampu ya hewa. Toa theluthi moja ya maji, rudisha mengine masafi yenye joto lile lile la tangini, yamwage polepole, kisha uje tusome pamoja. Kingo zinazojikunja kwa taa si dalili ndogo. Wafugaji wengi wakiiona huanza kumhesabu samaki kwenye waliokufa. Mimi siendi huko haraka, maana nimeona wengine wakirudi, lakini una siku chache, huna wiki.

Tatizo lako limeanzia kwenye neno, na wala si kosa lako. Kiswahili chetu kinaita maji ya mito na maziwa “maji baridi” ili kuyatenga na maji ya chumvi ya bahari. Baridi hapo haina uhusiano na kipimajoto, kama vile soda inavyoitwa kinywaji baridi hata ikiwa imeshinda juani kwenye kreti. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, na juu yake lina nyuzi 25 au zaidi karibu mwaka mzima. Watu wa pwani wana msemo mwingine, maji matamu, na kwa samaki kama huyu natamani wauzaji wangeutumia huo. Samaki wa maji baridi ni samaki asiyeishi baharini, basi. Kuna wanaopenda ubaridi, kama trauti wa mito ya milimani, na kuna wanaotaka joto la ukanda wa tropiki. Taa wako yumo kundi la pili.

Kwa madoa hayo ya rangi ya chungwa yenye mzingo mweusi, kama ndivyo yalivyo, karibu nina uhakika ni Potamotrygon motoro. Kwao ni Amerika Kusini: mito ya Amazon, Orinoco, na ile inayoshuka hadi Paraná na Paraguay. Analala juu ya mchanga na tope kwenye maji ya kina kifupi yaliyopigwa na jua. Ndani ya tangi, joto linalomfaa ni nyuzi 25 hadi 28. Mimi humlenga kwenye 26 au 27 na kumwacha hapo. Ikishuka chini ya 24 kwa muda mrefu, mambo huanza kulegea mwilini mwake. Ikipanda juu ya 30, adui anakuwa mwingine, nitamfikia.

Kwa hiyo wewe umekuwa ukimpoza pale alipofika mahali pake. Ile 26 ya jioni ndiyo saa pekee katika siku nzima aliyokuwa anapata unafuu.

Samaki hatengenezi joto lake kama mimi na wewe. Damu yake ina joto la maji yanayomzunguka, na kila kazi ya mwili wake inakwenda kwa kasi ya joto hilo. Ukishusha maji kwa nyuzi 10, kwa makadirio ya jumla kazi za mwili hupungua hadi nusu au chini yake: tumbo linasaga taratibu, kinga inalala, kidonda kinachelewa kufunga. Chakula ulichompa jioni kwenye 25 kinamkuta alfajiri kwenye 18 kikiwa bado tumboni, na hapo kinaweza kuanza kuoza badala ya kusagika. Siku ya pili hana hamu. Siku ya kumi unaniandikia.

Si yeye peke yake anayesinzia kwa baridi. Ndani ya chujio lako kuna bakteria ambao ndio mafundi wa usafi wa tangi zima. Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua, na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia pia. Kundi moja la bakteria huibadilisha kuwa nitriti, kundi jingine huibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo ina sumu ndogo zaidi. Mafundi hawa nao hufanya kazi kwa kasi ya joto. Usiku wa nyuzi 18 wanafanya kazi nusunusu, wakati chakula ambacho taa hakula kimelala chini kinaoza. Kwa hiyo nahisi kule kupumua haraka hakutokani na baridi tupu. Kuna amonia au nitriti ndani yake. Amonia huchoma matamvua. Nitriti huingia kwenye damu ikaizuia isibebe oksijeni, samaki akahema huku maji yana hewa.

Na hapa maji ya Dodoma yana neno lake. Tazama birika la chai la nyumbani kwako: kama lina ukoko mweupe chini, hayo ndiyo maji anayoogelea. Visima vingi vya eneo hilo ni maji magumu, yenye madini mengi, na mara nyingi pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iko juu ya 7. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na nyingine ya upole, na pH ndiyo inayoamua ipi iwe nyingi. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8, sehemu kali ni kama asilimia 5. Yaani amonia ile ile, kipimo kile kile, sumu yake imezidi karibu mara 10. Ndiyo maana mtu anaweza kufuata ushauri wa mfugaji wa mahali penye maji laini na bado akapoteza samaki.

Sasa hesabu ya barafu, maana imenishangaza hata mimi nilipoipiga. Chupa mbili za lita moja na nusu ni kilo 3 za barafu. Zikiyeyuka zote na maji yake yakafikia joto la tangi, zinapunguza joto la lita 600 kwa kama nusu nyuzi tu. Unaweza kuuliza, basi madhara yako wapi? Yako chini. Maji yaliyopozwa na chupa ni mazito kuliko ya pembeni, yanazama, yanatandaza kama shuka juu ya sakafu ya tangi. Na nani analala sakafuni? Kipimajoto chako, kama ni kile cha kubandika kwenye kioo karibu na uso wa maji, kinasoma hali ya juu. Kila jioni ulikuwa unamfunika shuka la barafu huku kipimajoto kikikuambia kuna 25.

Fanya jaribio dogo kesho saa kumi na moja alfajiri. Funga kipimajoto kwenye fimbo ya plastiki, kishushe mpaka chini upande wa pili na alipo taa, subiri dakika tano, soma. Kisha soma cha juu. Tofauti ikizidi nyuzi moja, maji yako hayazunguki vya kutosha, na hata hita ukiirudisha itapasha joto sehemu moja tu. Usitumie mkono kupima. Kiganja chako kina nyuzi kama 32, hivyo maji ya 26 yataonekana ya ubaridi daima, hata kwa mtu aliyekulia kwenye upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba.

Dawa ya kwanza basi ni kumrudisha kwenye joto lake, lakini bila pupa. Ukimpandisha kutoka 19 hadi 27 kwa usiku mmoja utampa mshtuko wa pili. Tena ile amonia niliyoieleza, sehemu yake kali huongezeka joto linapopanda. Ndiyo maana nimekwambia ubadilishe maji kwanza, kisha ndipo upashe. Panda nyuzi 2 kwa siku, si zaidi. Kutoka 19, ndani ya siku nne utakuwa 26 au 27.

Lita 600 ni maji mengi kuliko watu wanavyofikiri. Kuyapandisha nyuzi 5 kunataka nishati ya kama uniti tatu na nusu za umeme, hata kabla ya kuhesabu joto linalotoroka kwenye vioo. Hita moja ya wati 300 itafanya kazi mfululizo karibu saa 12 kwa hilo. Kwa baraza la Dodoma mwezi Juni hadi Agosti, usiku unaposhuka hadi nyuzi 13 au 14, mimi ningetumia hita mbili za wati 300 kila moja, si moja ya 600. Sababu yake ni kwamba hita huharibika kwa namna mbili: inagoma kuwaka, au inagoma kuzima. Ndogo mbili zikiwa kazini, moja ikigoma kuzima haitawahi kumpika samaki kabla hujagundua, na moja ikigoma kuwaka nyingine itamshikilia mpaka asubuhi.

Lakini usiirudishe hita ikiwa uchi ndani ya tangi. Taa hupenda kujilaza juu ya kitu chenye joto, na ngozi ya tumbo lake haimwonyi mapema kwamba anaungua. Niliwahi kuitwa kwenye hoteli moja kumtazama taa mwenye “ugonjwa wa michirizi”. Nilimgeuza kidogo kwa sahani pana, nikaona mstari mweupe wa ngozi iliyokufa, umenyooka kama uliopigwa rula, urefu wake sawasawa na kile kioo cha hita kilichokuwa kando yake. Huo haukuwa ugonjwa. Kama chujio lako lina tangi dogo la chini au la pembeni, hita ziweke humo, taa asizifikie. Kama halina, chukua bomba la plastiki la inchi 3, litoboe matundu mengi pande zote, ingiza hita ndani na uliwekee mahali penye mkondo wa maji ili joto lisisimame.

Bora kuliko vyote, lihamishe tangi litoke barazani, ingawa najua kuhamisha lita 600 si kazi ya kumwambia mtu kwa mdomo. Likae ndani ya chumba, mbali na dirisha la magharibi. Kama haliwezekani kwa sasa, ziba nyuma na pembeni kwa mbao za lile boksi jeupe jepesi la kusafirishia samaki wa barafu, na juu uweke mfuniko wenye nafasi ya hewa. Vioo vikivikwa hivyo, jua la jioni halitakupandishia na usiku hautakushushia. Kwangu mimi, tangi linalokaa 25 siku zote ni bora kuliko linalopita 27 mara mbili kwa siku likiwa njiani kwenda juu na kurudi chini.

Utakuja mwezi wa kumi na wa kumi na moja, na barua yako itakuwa nyingine: mchana una nyuzi 31, tangi limefika 30, nifanyeje? Hapo ndipo hewa inapokuwa tatizo. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na Dodoma iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko Dar es Salaam. Maji yaliyojaa hewa barabara hapo kwako hubeba pungufu ya oksijeni kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na pwani, kwenye joto lile lile. Kwa hiyo maelekezo yaliyoandikwa na mtu wa usawa wa bahari yaongezee pampu ya hewa. Na badala ya barafu tumia feni. Elekeza feni ya kawaida ipulize usoni mwa maji, mfuniko ukiwa wazi nusu. Lita moja ikigeuka mvuke inaondoka na joto la kutosha kushusha lita 600 kwa kama nyuzi moja, na inashusha taratibu, tangi zima. Hewa kavu ya Dodoma, ile ile inayokupasua midomo, hapo inakusaidia. Mtu wa Tanga na unyevu wake hapati hata nusu ya nafuu hiyo. Angalizo moja tu: kinachopaa ni maji, madini yanabaki. Ukijazia kwa maji ya kisima kila siku, ugumu unapanda kimyakimya. Jazia kwa maji laini.

Maji laini ya kupata wapi? Mvua ya Dodoma ni kidogo, chini ya milimita 600 kwa mwaka kwa kawaida, na karibu yote inakuja kati ya Desemba na Aprili. Ukiwa na mabati na simtanki, ivune. Mvua za mwanzo ziache zioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ndipo uelekeze bomba simtankini. Kwa sasa, katikati ya kiangazi, maji ya madumu kutoka maduka yanayochuja maji ya kunywa kwa mashine hufaa kuchanganya na ya kisima. Usimhamishe ghafla kwenye maji laini matupu. Badilisha uwiano kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Taa aliyezaliwa matangini, kama walivyo wengi wanaouzwa, huvumilia maji magumu kiasi akiyazoea, na pH inayokaa 7.6 bila kuyumba ni afadhali kuliko 6.8 ya leo inayokuwa 7.8 keshokutwa. Ukibadili ukatumia ya bomba la mjini, yaache yakae siku nzima na pampu ya hewa ili klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini.

Nije kwa jirani yako, ambaye simlaumu. Sato ni mnyama mgumu, na mambo mengi anayoyavumilia yangemuua taa kwa siku moja. Chumvi ya mawe husaidia sato kwa baadhi ya magonjwa. Taa wa baharini naye anaishi ndani ya chumvi, lakini anafanya hivyo kwa ujanja wake: anahifadhi urea nyingi kwenye damu ili chumvi ya nje isimnyonye maji. Hawa wa Amerika Kusini, ambao mababu zao walitoka baharini mamilioni ya miaka iliyopita, wameuacha ujanja huo kabisa. Tezi ambayo papa na taa wa baharini huitumia kutoa chumvi mwilini, kwao imesinyaa. Kumtilia chumvi ukidhani unamrudisha kwao ni kumpeleka mahali ambapo ukoo wake uliaga zamani sana. Kuna hali mahususi, kama sumu ya nitriti iliyothibitishwa kwa kipimo, ambapo mtaalamu anaweza kutumia chumvi kidogo kwa hesabu. Si kijiko cha kukisia kwenye maji ambayo tayari ni magumu.

Mrututu ni shaba. Papa na taa, wa bahari na wa mto, ni dhaifu mno mbele ya shaba. Hana magamba kama ya sato. Ana ngozi yenye ute na vijino vidogo vidogo tu. Kipimo kinachoua vimelea kwa sato kinaweza kumuua yeye kabla ya vimelea. Hata zile dawa za dukani za madoa meupe, soma chupa. Ukiona shaba au fomalini, rudisha kwenye rafu.

Chakula, kwa siku hizi nne za kupandisha joto, usimlazimishe. Akifika 24 au 25, mjaribu kwa nyungunyungu mmoja, aliyechimbwa kwenye udongo usiopigwa dawa wala mbolea ya dukani, umkatekate na kumwosha. Harufu yake huamsha hata taa aliyekata tamaa. Kamba wabichi wasio na chumvi wanafaa, vipande vya minofu ya sato pia, lakini si dagaa wakavu wa sokoni wenye chumvi na mchanga. Asichokula ndani ya nusu saa kitoe. Akirudia hali yake, mdogo wa ukubwa huo anahitaji kula kila siku, mara mbili ikiwezekana. Mtazame kwa juu, pale mkia unapoungana na mwili: ukiona ncha mbili za nyonga zimechomoza kama za ng'ombe wa mwezi wa kumi kule Bahi, amepungukiwa sana, na kurudi kwake kutachukua muda.

Nunua vipimo vya amonia, nitriti, nitrati na pH. Ni gharama, najua, ila bila hivyo mimi na wewe tunatibu kwa kunusa. Amonia na nitriti vinatakiwa visome sifuri. Chochote juu ya hapo, badilisha maji siku hiyo hiyo, theluthi hadi nusu, kila siku hadi visome sifuri. Pima na maji ya kisima yenyewe kabla hujayatia, kwa nitrati hasa. Kama yanatoka ardhini nayo tayari, kubadilisha maji hakutaishusha, na hiyo ni sababu nyingine ya kutafuta maji laini.

Umeme ukikatika usiku wa baridi, wengi hukimbilia joto kwanza. Kimbilia hewa. Pampu ndogo ya betri ya hewa ndiyo roho ya tangi hilo, kwa taa na kwa bakteria wa kwenye chujio. Kisha funika vioo kwa mablanketi. Dumu la lita 10 la maji ya nyuzi 70, limefungwa vizuri na kuelea tangini, litakuongezea chini kidogo ya nyuzi moja, kwa hiyo linafaa kushikilia joto, si kulipandisha.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, na muuzaji huenda hakukwambia. Huyu mwenye upana wa sentimita 18 leo, akitunzwa vizuri atafikia sentimita 50 na ushee. Tangi la lita 600 ni la utoto wake. Mkubwa anahitaji sakafu ya kama mita 2 kwa mita 1, kwa sababu taa anaishi kwenye eneo, si kwenye kimo. Kama huoni uwezekano wa hilo ndani ya mwaka mmoja na nusu, anza sasa kumtafutia mwenye nafasi. Na kwa hali yoyote usije ukamwona mzigo ukampeleka kwenye mabwawa ya Hombolo au Mtera. Singapore wana taa hawa hawa, motoro, wanaozaana kwenye bwawa la maji la taifa baada ya watu kuwaachia. Ukiona mwingine mweusi mwenye madoa meupe anauzwa, huyo huenda ni leopoldi wa mto Xingu nchini Brazil. Biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa mataifa unaolinda viumbe wa porini wanaouzwa nje, hivyo uliza vibali kabla ya bei. Hata huyo wako, muulize muuzaji karatasi za Idara ya Uvuvi za kuingiza samaki hai.

Sasa kuhusu mtu wa kumwona ana kwa ana. Ukiona vidonda vyeupe au vyekundu tumboni, ngozi inabanduka, anapinduka au anashindwa kujisawazisha, au amefika 26, amonia na nitriti zinasoma sifuri kwa siku tatu na bado kingo zimejikunja, hapo maneno yangu yameisha kazi. Tafuta daktari wa mifugo anayejua samaki. Walio karibu nawe kwa uhakika zaidi ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, chenye wataalamu wa afya ya wanyama na wa ufugaji wa samaki. Usimsafirishe samaki mgonjwa kwanza; piga picha na video za upumuaji wake, andika vipimo vya maji vya siku tatu, chukua sampuli ya maji kwenye chupa safi iliyojaa hadi mdomoni, uende navyo.

Na wewe mwenyewe: mkiani ana mwiba wenye sumu. Hana chuki, ila ukimgandamiza kwa kiganja wakati unasafisha, atautumia. Usiingize mkono tangini bila kujua alipo, na mtoto asiingize kabisa. Akikuchoma, osha, kisha zamisha mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Sumu yake ni ya protini na joto huipunguzia makali ya maumivu. Mtu mwingine ayapime hayo maji kwanza kwa mkono wake, kwa kuwa wako utakuwa umekufa ganzi kwa maumivu na hautajua unaungua. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, General au Benjamin Mkapa, hata kama maumivu yameisha, kwa sababu kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani, vidonda vya taa wa mtoni huwa vinakufa nyama, na utahitaji sindano ya pepopunda. Mwambie daktari wazi kwamba ni mwiba wa samaki aitwaye taa. Usipofafanua, Dodoma, watadhani umeungua na balbu.

Nitumie kesho namba mbili za alfajiri, ya juu na ya chini.